Istilahi Zianzie kwa Fundi: Funzo la Waya wa Plagi Kutoka Namboboto

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki, somo la istilahi lina heshima yake. Tunasoma Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (1992), kitabu cha Tumbo-Masabo na Mwansoko. Tunakariri mbinu za kuunda maneno: unyambulishaji, uambatanishaji, utohoaji, tafsiri sisisi na nyinginezo. Kisha tunapewa orodha ya maneno ya Kiingereza na kuagizwa tuyatafutie visawe. Tunavitafuta wapi? Aghalabu maktabani, ndani ya kamusi, na tukivikosa humo tunavibuni tukiwa tumeketi papo hapo. Orodha inakamilika, alama zinatolewa, na maneno yale yanalala kwenye rafu.

Makala haya yanatoa maoni kwamba mwenendo huo umeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza dhana fulani iitweje kwa Kiswahili, ni wajibu wetu kuuliza kwanza inaitwaje tayari na wale wanaoishika kwa mikono kila siku. Kielelezo changu si dhana ya anga za juu wala ya maabara. Ni waya mfupi unaotoka kwenye koili ya pikipiki hadi kwenye plagi, na hususan ile ncha yake inayozoea kulegea. Huenda msomaji akajiuliza waya huo una uhusiano gani na jarida la wapenzi wa Kiswahili. Namwomba anivumilie kidogo.

Jioni moja njiani

Ulikuwa msimu wa masika. Nilikuwa natoka Funyula kwenda Namboboto, katika eneo la Samia, kaunti ya Busia, kwa bodaboda. Mfukoni nilibeba dawa za nyanya yangu. Mvua ilikuwa imekatika punde tu na giza lilikuwa linaanza kuingia. Tulipofika penye mashimo, pikipiki ilianza kukatakata, ikakohoa mara mbili tatu, kisha ikazima. Kijana aliyeniendesha alipiga kiki hadi mguu ukamchoka. Hakukuwa na gereji wala duka la spea karibu. Akatoa simu akampigia fundi wake.

"Fundi, pikipiki imekata moto."

"Pole, kijana wangu. Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Ilizima ghafla au ilikatakata kwanza?"

"Ilikatakata tulipoingia mashimoni."

"Basi usihangaike na karibureta. Toa ufunguo kwanza, usije ukapigwa na moto. Shika kofia ya plagi uivute kidogo. Imeshika?"

"Imeshika."

"Sasa ufuate waya mpaka kwenye koili, chini ya tangi. Uvute polepole."

Waya ukamjia mkononi. "Umetoka, fundi!"

"Ndio huo. Ncha yake ina rangi gani?"

"Kijani."

"Kata kipande kidogo, kama nusu ya punje ya mahindi, mpaka uone shaba inang'aa. Ndani ya koili kuna sindano. Isimamishe katikati ya waya, usukume huku ukizungusha kama mtu anayefunga skrubu. Ukimaliza uvute tena. Ukitoka, hujafunga."

Kijana alikata ncha ile kwa wembe huku nikimmulikia kwa simu yangu. Robo saa haikupita kabla injini haijanguruma. Dawa zilifika, nyanya akameza kabla ya kulala, na kijana akarejea kutafuta wateja wengine. Hayo yote yalifanyika bila bisibisi wala spana. Chombo kilichotumika, ukiacha ule wembe, kilikuwa lugha. Fundi hakuiona pikipiki. Aliiona kwa maneno tu, na maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili.

Njia iliyobaki niliimaliza nikihesabu: moto, plagi, kofia ya plagi, waya, koili, sindano, kukatakata, kushika, kutoka. Katika miaka yangu yote ya kusoma isimu hakuna mhadhara ulionifundisha hata moja ya maneno hayo kwa maana aliyoyapa fundi. Hapo ndipo nilipoona haya.

Kazi ya waya huo

Ili hoja ieleweke vyema, yafaa tuielewe kazi yenyewe. Injini ya petroli huhitaji cheche ili kuwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa ndani ya silinda. Cheche hiyo huruka kwenye mwanya mwembamba wa plagi, mwanya usiofika hata milimita moja. Umeme wa kawaida wa pikipiki hauna nguvu ya kuruka mwanya huo. Ndiyo maana kuna koili. Ndani yake mna mizingo miwili ya waya. Mmoja una mizunguko michache ya waya mnene, na wa pili una maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Umeme unaoingia katika mzingo wa kwanza hutokea katika wa pili ukiwa umepandishwa hadi maelfu mengi ya volti. Waya wa plagi ndio unaousafirisha hadi kichwani mwa silinda.

Kwa injini ya mipigo minne inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, silinda huhitaji cheche 2,000 katika dakika hiyo moja. Kila moja lazima ipite katika kiungo kile kidogo ambapo sindano ya koili huingia katikati ya nyuzi za shaba. Pikipiki inatikisika, inapata joto, inamwagiwa maji na kujaa vumbi. Tangi likifunguliwa na kurudishwa kwa pupa, waya huvutwa. Kidogo kidogo kiungo hulegea, unyevu huingia, na shaba huota kutu ya kijani. Hapo cheche huanza kuruka mahali pawili: penye plagi, inakotakiwa, na ndani ya koili, isikotakiwa. Injini hukatakata, hasa mvuani na penye mashimo. Hatimaye joto la cheche hiyo haramu huunguza plastiki ya koili, na koili nzima huwa ya kutupwa.

Dawa yake ni ile aliyoitaja fundi, nayo ni rahisi: kuikata ncha iliyooza, kuirudisha kwenye sindano kwa kuizungusha, kuijaribu kwa kuivuta, kisha kukiteremsha kifuniko cha mpira ili maji yasiingie. Ni lazima pia kuhakikisha waya uliobaki una urefu wa kutosha, usikazike. Zipo hata hivyo koili ambazo waya wake umeshikanishwa kiwandani moja kwa moja, hazina sindano ya kuzungushia. Waya wa koili ya namna hiyo ukichomoka, njia ya salama ni kubadilisha koili.

Lakini wengi hawafanyi hivyo. Hufunga kiungo kwa mpira wa tyubu kuukuu wakidhani wamezuia umeme kuvuja. Mpira mweusi wa tyubu umechanganywa na masizi ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kwa volti za betri hilo si neno, ila kwa maelfu ya volti za koili mpira huo waweza kuufungulia moto njia ya kukimbilia kwenye fremu. Bodaboda hupata nafuu ya siku mbili, kisha huzimikiwa tena, pengine usiku, pengine katika barabara kuu ya Malaba malori yakiwa nyuma yake. Haya si mambo ya kuchekesha. Ni riziki, na wakati mwingine ni roho ya mtu.

Kosa langu mwenyewe

Nilipoyafahamu hayo niliamua kuandika karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ili ibandikwe kwenye vituo vya bodaboda. Nilijivunia kuwa mwanafunzi wa Kiswahili mwenye jambo la kuipa jamii. Nikaandika "kipandisha-volti" badala ya koili, "kitoa-cheche" badala ya plagi, na "kebo ya msukumo mkubwa" badala ya waya wa plagi. Mbinu zote za darasani nilizitumia, na naamini mhadhiri angeniongezea alama.

Nilimpelekea fundi yule yule. Alisoma kwa adabu, akarudia kusoma, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya pikipiki gani?"

Swali hilo halikuwa la kejeli. Alidhani kwa dhati kwamba naeleza chombo asichokijua. Nilikuwa nimechukua kazi anayoifanya kila siku, nikaieleza kwa lugha anayoizungumza kila siku, na bado nikamfanya mgeni katika gereji yake mwenyewe. Istilahi zangu zilikuwa sahihi kisarufi, ila hazikumshika mtu. Nikakumbuka maneno yake ya simuni: ukivuta ukatoka, hujafunga.

Mpaka unaotengeneza maneno

Inafaa tukumbuke kwamba eneo hili si geni katika kuipa lugha maneno. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani. Simulizi iliyoenea inaeleza kuwa tangu miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo kati ya vituo vya mpaka vya Kenya na Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka walilolitamka kwa ulimi wao. Hakuna kamati iliyokaa kulisanifisha. Baiskeli zikaacha nafasi kwa pikipiki, neno likabaki, likasafiri hadi Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na kwingineko. Leo wanaisimu wanalichambua neno ambalo waasisi wake hawakuhitaji ruhusa ya mwanaisimu yeyote.

Sababu ya uhai wa maneno ya mpakani ni wazi. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Kuna Wateso, Wakhayo, Wajaluo na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa, mwuza spea wa Busia na fundi wa Namboboto hawana lugha moja ya mama. Wakutanapo juu ya injini iliyofunguliwa, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Neno lisiloeleweka katika mazingira hayo halidumu hata wiki, kwa kuwa kila kosa lina gharama. Maneno yaliyobaki yamepimwa kwa kipimo kikali kuliko mtihani wowote tunaoufanya.

Je, fundi hana upungufu?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila lisemwalo gereji ni dhahabu. Nilipokaa na mafundi kwa siku kadhaa niligundua mapengo, na mapengo hayo ndiyo kazi halisi ya msomi.

Mfano wa kwanza ni neno moto. Katika gereji moto ni cheche ya plagi, ni umeme wa betri, na ni mtikiso unaompata mtu akishika waya ulio wazi. Mtu akisema "pikipiki haina moto," hujui kama betri imekwisha au plagi haitoi cheche. Mfano wa pili ni koili. Ipo koili ya plagi iliyo chini ya tangi, na zipo koili za magineto zilizo ndani ya injini. Mfano wa tatu ni plagi. Wateja husema plagi imechomoka ilhali kilichochomoka ni kofia yake. Fundi mzoefu hutatua utata huu kwa maswali, kama alivyofanya kwenye simu. Lakini mwanagenzi aliyetumwa Busia kununua "koili" aweza kurudi na kitu kingine kabisa, na pesa za siku zikawa zimepotea.

Hapa ndipo msomi anapohitajika. Cheche ni neno letu la asili, lipo tayari. Tukilipendekeza litumike kwa ule mruko wa plagini na moto ubaki kwa umeme kwa jumla, tutakuwa tumempa fundi kitu anachokihitaji. Koili ya plagi na koili ya magineto ni majina yanayojitosheleza. Kofia ya plagi limekwisha kubuniwa, na sindano ya koili vilevile. Neno hili la mwisho ni sitiari fasaha ambayo nisingeliipata hata ningekaa maktabani mwaka mzima. Kazi yetu ni kuyaandika, kuyatofautisha na kuyasambaza. Si kuyafuta.

Pingamizi mbili

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba plagi na koili ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Jibu ni kwamba kanzu hiyo ndiyo inayotuhusu. Shule tuliipata kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, gari kutoka Bara Hindi, na hakuna leo anayethubutu kusema haya si maneno ya Kiswahili. Koili lina irabu mwishoni, linaingia katika ngeli, linabeba viambishi na linaeleweka. Msemaji wa lugha amekwisha kulipa uraia. Kumnyang'anya kwa ajili ya "kipandisha-volti" ni kujenga ukuta mpya kati ya msomi na mwananchi.

Pili, kwamba kila eneo likifuata mafundi wake, Kiswahili kitasambaratika: Namboboto hivi, Tanga vile, Bukavu vingine. Hoja hii ina uzito. Usanifishaji unahitajika, na taasisi zipo. BAKITA imekuwapo tangu 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni yake ya Kiswahili, yenye makao Zanzibar. Lakini huwezi kusanifisha usichokikusanya. Kuoanisha maneno ya mafundi wa Busia na ya wenzao wa Tanga ni kazi ya mezani. Kuyapata ni kazi ya nyanjani, na hiyo ndiyo tuliyoiruka.

Yanayotupasa kufanya

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo masomo ya ufundi vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana mwenye mikono yenye akili, aliyeacha shule mapema, huona mlango umefungwa. Si kwamba hajui kazi. Amekosa lugha ya kuionyesha. Kila mara tunapotangaza kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia, yeye ndiye shahidi wetu wa kwanza, nasi hatujawahi kumwita kizimbani.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila mwanafunzi anayesoma istilahi apewe zoezi la nyanjani: achague kazi moja ya mikono, akusanye maneno yake pamoja na sentensi zinazoyatumia, na aeleze kila neno linafanya kazi gani. Pili, orodha yoyote ya istilahi za ufundi isikubaliwe kabla ya kusomwa na watu wasiopungua watatu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wakiuliza "hii ni ya pikipiki gani," irudishwe. Tatu, vyama vyetu vya wanafunzi vichapishe maelezo mafupi ya kazi halisi, yaliyoandikwa kwa ushirikiano na mafundi. Waya wa plagi unafaa kuwa mwanzo, na pampu ya kisima, cherehani na jiko la kuni vifuate.

Hitimisho

Karatasi yangu niliiandika upya. Safari hii niliketi gereji kwenye debe lililopinduliwa, fundi akisema nami nikiandika. Nilichoongeza ni kutofautisha cheche na moto, na onyo kuhusu mpira wa tyubu, ambalo fundi alilipokea baada ya mabishano. Alinitaka nimthibitishie. Tukasubiri giza, tukanyunyiza maji kwenye koili iliyofungwa tyubu, tukawasha injini, na sote tukaona cheche za buluu zikirukia fremu. Akacheka, akakata mpira ule na kuutupa.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa Kiswahili akiingia gereji kama mgeni mwenye masikio, mwenyeji atapona na mgeni atashiba. Akiingia na orodha aliyoikamilisha kwao, ataulizwa swali nililoulizwa mimi, na hatakuwa na jibu.